Neno la Mwenye Kitambaa

Fundi alikuwa na sheria moja, na kama hukuipenda ulikuwa huru kubeba kitambaa chako ukajishonee mwenyewe. Hakati mpaka mwenye kitambaa aseme "kata" kwa mdomo wake. Si kutikisa kichwa, si kusema wewe ndiye fundi wewe ndiye unayejua, si kumtuma mdogo wako aje aseme kwa niaba yako. Usimame mbele ya meza, uitazame mistari ya chaki, useme. Wateja wapya walicheka. Wengine walinung'unika kwamba wamekuja kushonewa gauni, hawakuja kula kiapo. Yeye alishika mkasi wazi hewani akawasubiri, na uso wake ulikuwa wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Sheria hiyo aliachiwa na mama aliyemfundisha kazi, mwanamke mkali aliyekuwa akisema kwamba mshono mbaya unafumuliwa lakini kitambaa kilichokatwa hakirudi dukani. Fundi aliipokea akaongeza na zake. Kila nguo aliyoshona aliiachia akiba, vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono, ili mwenyewe akinenepa aje apanuliwe nguo yake. Hata wembamba kama sindano aliwaachia. Mtu huongezeka, alikuwa akisema, na akishasema hivyo usibishane naye.

Na kwa wale wasiojua wanachotaka, maana wapo, jamani, tena wengi, alikuwa na dawa yao. Anamsimamisha mteja, anamtupia kitambaa kimoja bega la kulia, kingine la kushoto, halafu hamwulizi kitu. Anatazama macho. Alisema mdomo wa mtu hudanganya kwa adabu, pengine hataki kumwudhi shangazi aliyemnunulia kile cha kushoto, lakini jicho litakwenda tu kwenye kile linachokipenda. Akishaliona limekwenda wapi anasema haya, ni hiki, sema kata. Mteja anabaki kushangaa huyu mama amejuaje.

Mtu mmoja tu alimshinda, na huyo walikuwa wakilala kitanda kimoja. Mumewe alikuwa mtunza stoo wa shule, mtu wa funguo nyingi na maneno machache, na mtaa mzima ulimwita Sawa Tu. Jina hilo hakulipata bure. Mwulize atakula sasa au baadaye, sawa tu. Mwalimu akija kuchukua chaki, sawa. Mwalimu mkuu akisema chaki zote zirudi stoo, sawa. Watu walisema hata siku ya kuzaliwa kwake aliulizwa anataka kuwa mvulana au msichana akajibu vilevile. Mkewe aliucheka utani huo barazani na kuuchukia akiwa ndani. Miaka yote ya ndoa alimshonea mashati, na hakuna hata moja ambalo mwenyewe alilichagua. Ukimwekea bluu bega hili na kahawia bega lile, anasimama kama mti wa kutundikia nguo, anamtazama mkewe, anatabasamu. Mwishowe Fundi anakasirika, anavunja sheria yake, anakata anachotaka yeye. Kinyozi hajinyoi, ndivyo alivyojitetea.

Saratani ya ini ilipokuja mara ya kwanza haikuwaletea la kuchagua. Uvimbe ulikuwa upande mmoja, mkubwa, daktari akasema huu unakatwa, ukakatwa. Kazi ya Fundi ilianza baadaye. Alimrudisha nyumbani mume aliyeshonwa chini ya mbavu kutoka ubavu mmoja kukaribia wa pili, na kwa muda mrefu maisha yake yakawa beseni, maji ya vuguvugu, mashuka, na mto wa kumkandamizia tumbo kila alipotaka kukohoa. Kidonda kilikataa kufunga pembeni. Kikatoa usaha, wakarudi hospitali, wakarudi nyumbani, kikatoa tena. Cherehani ikafunikwa shuka, wateja wakatafuta mafundi wengine, na Fundi akajifunza kulala ameketi. Kuna asubuhi alimwosha mumewe huku usingizi unamchukua, akamgonga kidogo pale kwenye kidonda, na Sawa Tu akauma midomo asipige kelele. Hilo hawakulizungumza.

Mwishowe kovu lilifunga. Mzee akarudi kwenye stoo yake na funguo zake, na walipokwenda kliniki Fundi akamwambia daktari kwamba aliyemshona huyu ana mkono mzito, mshono wote umekwenda upogo. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Siku hizo walikuwa wanacheka.

Kisha kipimo cha kawaida, kile cha kwenda tu na kurudi, kikaonyesha kitu. Kidogo, kama kifungo cha koti, kimekaa ndani ya ini upande ule waliobakiza. Wakaitwa. Walikwenda wanne: Fundi, mumewe, binti yao, na shemeji, yaani mdogo wa mume, mwuza mbao mwenye sauti ya kuzoea misumeno. Chumba cha daktari kilikuwa na viti vitatu, kwa hiyo shemeji alisimama mlangoni, na kila muuguzi aliyepita ilibidi amwombe njia.

Daktari alieleza taratibu, na haki yake apewe, alieleza vizuri. Njia ziko mbili, alisema. Ya kwanza ni kufungua tumbo tena na kukiondoa kile kipande. Ya pili ni kupitisha sindano ndefu kwenye ngozi, wakiiongoza kwa picha mpaka iingie katikati ya uvimbe, kisha ncha yake inapata moto na kuuunguza uvimbe palepale ulipo. Kisu mara nyingi husafisha vizuri zaidi, na kwa waliokatwa ugonjwa huelekea kuchelewa kidogo kurudi. Lakini hili tumbo lilishafunguliwa, ndani nyama zimeshikana, ini lenyewe limechakaa kwa homa ya ini ya miaka mingi, na kile kidonda cha kwanza wanakikumbuka wote. Sindano haimchoshi mtu sana. Analazwa siku chache, anarudi nyumbani anatembea. Ila ukingo mdogo unaweza kukosa moto, na kutoka hapo kitu kikaota tena.

Fundi aliuliza swali moja, la maana. Walioishi ni wepi? Daktari akamwambia kwamba kwa uvimbe mmoja mdogo namna hii, ukiwatazama walioishi, hawa na wale wanakaribiana mno, huwezi kusema kwa hakika nani kamshinda mwenzake. Njia zote mbili zinakubalika. Kisha akamgeukia mgonjwa akamwuliza anaonaje.

"Sawa tu, daktari," mzee akasema.

"Sawa ya kisu au sawa ya sindano?"

"Yoyote."

Shemeji alicheka mlangoni, halafu akagundua anacheka peke yake. Fundi alimsogelea daktari mpaka kiti kikalia. Akamwuliza kile ambacho kila mtu huuliza, nawe ungeuliza.

"Angekuwa baba yako mzazi, ungemfanyia ipi?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, huyu tulimjadili kikaoni. Waliosema tukate na waliosema tuunguze walikuwa sawasawa. Mimi niliinua mkono, kisha nikaushusha. Uamuzi ni wake, na wenu."

Fundi alimchukia pale pale, kwa ukweli wake. Angekuwa mwongo kidogo tu, angegonga meza na kusema kisu, au sindano, wao wangeinuka wakaenda zao wakilaumu au wakishukuru. Lakini hapana, yule kijana mwenye miwani alikuwa ameshika mkasi wazi hewani anasubiri neno la mwenye kitambaa, na uso wake ni wa mtu asiye na haraka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alitoka mle ndani amepata joto la masikio, na kwenye ukumbi wa mabenchi alimsimamisha mumewe na kumfunga kifungo cha shati ambacho hakikuwa kimefunguka.

Wakapewa siku za kufikiri. Ah, siku za kufikiri! Shemeji alikuja kila jioni. Yeye ni mtu wa mbao, na kwake kisiki ukikichoma juu kinachipua, dawa ni kung'oa na mizizi. Binti naye, mwalimu wa chekechea, mpole kwa watoto wa watu na mkali kwa baba yake mdogo, alisema baba hafunguliwi tena, aliona kile kidonda kwa macho yake, na anayetaka kisu akalale yeye mezani. Huyu akaleta habari za mtu aliyeunguzwa akafa, yule za mtu aliyekatwa akafa, na wote walikuwa na mtu aliyepona. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi huyo hakuwa na shemeji. Sawa Tu alikaa katikati yao akimenya chungwa, akiwagawia vipande, huyu kimoja na huyu kimoja.

Siku moja mchana duka lilikuwa tupu, Fundi akamwita. Akamsimamisha pale wanaposimama wateja, kioo mbele, meza ya kukatia kando. Hakumwekea vitambaa. Alisimama bega lake la kulia akamweleza kisu, chote, bila kupunguza: kulala kule, kile kidonda, miezi ile, na kwamba huenda kikamfagia vizuri. Akahamia bega la kushoto akamweleza sindano: kutoka mapema, maumivu machache, na ule ukingo unaoweza kubaki. Kisha akayatazama macho yake kwenye kioo.

Macho hayakwenda kulia wala kushoto. Yalikuwa yanamtazama yeye.

Fundi alikasirika, na hasira yake wateja waliijua. Akamwambia aache kumtazama. Akamwambia shati anaweza kumchagulia, chakula anaweza kumchagulia, nyumba nzima amemchagulia, lakini hili hapana, hili haliwezi, mbona anamtwika mzigo usio wake?

"Ini ni lako!" alisema.

"Ni langu, ndiyo," mzee akajibu. Alikuwa anazungusha pete ya funguo kidoleni, taratibu. "Lakini nikiugua mimi nalala tu, Mama. Anayeugua ni wewe. Mara ile nilikuona. Kwa hiyo niambie unaweza kuuguza lipi, na mimi nitaweza hilo hilo."

 Miaka yote Fundi alidhani mwanamume huyu hatazami kitu, kumbe alikuwa anatazama uso wa mkewe, apate kujua bluu au kahawia, sasa au baadaye, halafu ndipo aseme sawa tu. Aliona aibu, akaona huruma, akaona na hofu, yote kwa pamoja, na katika kuchanganyikiwa huko akajitazama kwenye kioo. Aliiona mikono yake. Akakumbuka beseni, na usaha, na ile asubuhi aliyomgonga.

"Sindano," alisema.

"Basi sawa," mumewe akasema, akatabasamu, akaenda kuoga.

Fundi alibaki palepale. Alijiambia kwamba amemchagulia sindano kwa sababu ini lake ni dhaifu, na hiyo ni kweli. Alijiambia daktari mwenyewe alisema zote mbili zinafaa, na hiyo pia ni kweli. Lakini alikuwa mtu wa kutazama macho, na yake aliyaona kwenye kioo yamekwenda wapi. Hakuweza kuapa kwamba yalikwenda kwa mumewe.

Walimwunguza asubuhi. Fundi na binti walikaa kwenye benchi la ukumbini, shemeji akasimama, maana yeye na kusimama kwenye njia za watu ni ndugu. Haikuchukua muda mrefu kama mara ya kwanza. Mzee akatolewa kwa kitanda cha magurudumu, bado ana usingizi wa nusu kaputi, ana plasta ndogo ubavuni, plasta ya kuchekesha, ya mtoto aliyejikata na wembe. Alikaa wodini kidogo, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akasimama getini akawasalimia majirani wote. Shemeji mwenyewe alikuja na mfuko wa machungwa na kusema, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua anayo, kwamba labda alikosea. Kipimo cha kwanza baada ya hapo kilionyesha pale palipochomwa pamekufa vizuri, pote, na ukingo wake. Fundi alilala usingizi kitandani, amejinyoosha. Alifungua duka mapema, akawatania wateja, akaanza kuimba anapokanyaga cherehani, jambo ambalo majirani walilistahimili kwa upendo.

Ndiyo maana walipoitwa kliniki kwa majibu ya kipimo cha pili alikwenda amevaa vizuri.

Daktari hakuwa na maelezo ya njia mbili safari hii. Aligeuza kioo cha kompyuta wakione. Pale palipochomwa paliendelea kuwa pamekufa. Vipya vilikuwa mahali pengine, vidogo vidogo, huku na kule, pande zote za ini, kama mtu aliyekung'uta brashi ya rangi ukutani. Vingi namna hiyo havikatwi, alisema, na haviunguzwi. Kuna vidonge vya kupunguza mwendo, wataanza navyo, wataangalia ini linavyovipokea. Na mzee akasema sawa.

Fundi alimtoa mumewe nje akamkalisha kwenye benchi na binti, kisha akarudi ndani peke yake na kufunga mlango. Alimwambia daktari amweleze bila kumficha. Wangekata, je?

"Sijui, Mama. Hivi havikutoka pale tulipochoma. Huenda vingekuja hata tungekata."

"Huenda?"

"Huenda."

Alikaa na neno hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu amshikie. Angeambiwa umekosea, angelia, angejipiga, angeomba radhi, na mwishowe pengine angesamehewa. Angeambiwa hukukosea, angelala. Lakini neno "huenda" halimshtaki mtu wala halimwachilii. Daktari alimsogezea glasi ya maji, naye akainywa yote kwa kuwa ilikuwepo. Akashukuru. Alipotoka, mumewe alimtazama usoni, vilevile kama siku zote, naye akajitahidi uso usionyeshe kitu, na alijua ameshindwa kwa sababu mzee alimpa mkono waende.

Vidonge vilizifanya nyayo zake ziwe laini na zenye maumivu, akawa anatembea kama mtu anayepita juu ya kokoto. Funguo za stoo alizirudisha shuleni mwenyewe. Mashati yote yakawa makubwa kwake. Fundi aliyapunguza moja moja, bila kusema, akiyachukua kwenye kamba na kuyarudisha kwenye kamba.

Asubuhi moja alikuwa anatia bobini ya uzi kwenye cherehani, mzee akaingia dukani. Hakukaa kwenye kiti chake cha siku zote. Alikwenda kwenye rafu, akainama kwa shida, akavuta kutoka chini kabisa kitambaa kimoja ambacho Fundi alikinunua siku ya wazimu na hakuna mteja aliyewahi kukitaka, rangi ya ndimu iliyoiva kupita kiasi. Fundi mwenyewe alikuwa akisema atakayekivaa hahitaji taa. Mzee akakileta mezani akakilaza.

"Nishonee shati. La hiki."

Fundi alidhani ni mzaha. Akamwuliza kwa nini hiki, jamani, katika vyote. Akamjibu kwamba amekipenda tangu siku kilipoingia humu dukani.

Basi akampima. Kwa kawaida alitaja vipimo kwa sauti, mteja asikie. Siku hiyo alivisoma moyoni tu. Mabega yalikuwa yamebaki mfupa. Utepe ulikizunguka kifua ukabaki mwingine mrefu ukining'inia. Tumbo peke yake ndilo lililojaa, na haukuwa unene. Akakitandaza kitambaa, akachora, mgongo, ubavu, kwapa, na mkono wake ukafanya ulichozoea, ukapiga mstari wa pili nje ya ule wa kwanza, vidole viwili.

Mzee akaweka kidole kati ya ile mistari miwili.

"Hii ya nini?"

"Akiba. Mtu huongezeka."

"Usiache."

"Mtu huongezeka, Baba."

"Nipime nilivyo," alisema. "Nataka linikae vizuri sasa hivi, nikiwa nalivaa."

Fundi alimtazama kwenye kioo. Macho ya mumewe yalikuwa kwenye kitambaa. Hayakumtafuta yeye, hayakuuliza kitu usoni pake. Yalikwenda moja kwa moja kwenye ile rangi ya ndimu na kutulia hapo, kama anavyotazama mteja anayejua anachotaka. Maisha yote alikuwa amelitamani jicho hilo. Sasa alitaka kuliomba lirudi. Alitaka amwambie sawa tu, mke wangu, acha akiba, acha hata vidole vinne, chagua wewe.

Akaufuta mstari wa nje kwa kiganja. Chaki ikabaki mkononi. Akaushika mkasi, akaufungua, akausimamisha hewani juu ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake aliomba mwenye kitambaa asiseme.

"Kata," mzee akasema.

Akakata.